Weusi wa Kioo Haukingi Jua

Kila mwaka, ikifika tarehe 20 Oktoba au siku moja mbele ama nyuma, saa sita na kama dakika kumi mchana, mtu aliyesimama na baiskeli yake katikati ya mji wa Nachingwea hakioni kivuli chake. Amekikanyaga. Kivuli cha usukani kimeangukia gurudumu la mbele, cha siti kimeangukia pedeli, na gunia lililofungwa kwa mpira kwenye keria limejifunika lenyewe. Nachingwea iko nyuzi kumi na kitu kusini mwa Ikweta, Ruangwa iko kaskazini yake kidogo, na jua hupita utosini mwa wilaya hizi mara mbili kwa mwaka: Oktoba likienda kusini, na karibu na tarehe 22 Februari likirudi kaskazini. Februari kuna mawingu na majani mabichi ya kulivunja makali. Oktoba hakuna. Nyasi zimeungua, vumbi limekaa juu ya kila kitu, mvua bado, na korosho zinaanguka.

Ndipo baiskeli zinapotoka. Reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ule ulioanza 1947, ilifika Nachingwea, ikahudumu miaka michache, ikafungwa 1962. Tangu hapo mzigo wa huku umebebwa na malori na, miaka hii, pikipiki. Lakini kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, kwenye vijia vya mchanga ambavyo lori haliingii, mtu asiye na hela ya petroli bado anaitegemea baiskeli: Phoenix ya Kichina yenye breki za vyuma, keria iliyoongezewa nondo na fundi wa kuchomelea, gunia la korosho nyuma. Korosho zinakwenda kwenye chama hicho cha ushirika, yaani AMCOS, AMCOS iko chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha mnada unangojewa. Anayezipeleka amekunja uso tangu asubuhi.

Mwangalie kwa karibu. Kope zimebanwa hadi macho yamebaki mistari miwili. Pembeni mwa macho, pale ngozi inapojikunja, kumebaki vistari vyeupe ambavyo jua halijavifikia, na juu ya nyusi limetanda vumbi jekundu lililolowa jasho. Mara moja moja anaachia usukani kwa mkono mmoja ili ajikinge kwa kiganja, huku kilo themanini zinayumba nyuma yake. Mtu huyu anahitaji miwani kuliko kijana anayeivaa getini mwa ukumbi wa muziki saa nne za usiku. Bado watu wengi huku wanaihesabu miwani ya jua kuwa pambo, kitu cha harusini na cha kupigia picha, na hata anayeamua kuinunua kwa ajili ya barabara huichagua kwa kigezo kimoja tu: ipi nyeusi zaidi. Kigezo hicho ni kibaya, na kwa njia za Nachingwea na Ruangwa ni kibaya zaidi kuliko kwingine.

Sokoni miwani imetundikwa kwenye boksi lililotobolewa au imepangwa juu ya ubao. Muuzaji akimwona mtu wa makamo ameegesha baiskeli, anajua la kusema: "Karibu mzee, chukua hii, nyeusi tii, humo jua halipiti." Mzee anaivaa, anatazama juu, anaona anga limefifia kama wakati wa magharibi, anaridhika, analipa. Hapo hakuna tapeli. Muuzaji anaamini anachokisema, kama anavyoamini mnunuzi.

Kosa ni kuchanganya vitu viwili. Kinachouma macho ni mwanga unaoonekana, ule mng'ao wa njia na anga. Kinachoyaharibu taratibu, mwaka hadi mwaka, ni mionzi ya urujuanimno, ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko nanomita 400 na ambayo jicho haliioni kabisa. Rangi ya kioo hupunguza ule mwanga wa kwanza. Mionzi ya pili huzuiwa na plastiki yenyewe ilivyo, au na dawa iliyochanganywa ndani yake ama kupakwa juu, na dawa hiyo haihitaji rangi. Kioo cheusi kama masizi kinaweza kuipitisha; kioo kiangavu kama maji ya kisima kinaweza kuizuia karibu yote. Tena weusi usio na kinga una hatari yake, ambayo wataalamu wa macho huonya juu yake mara kwa mara: nyuma ya giza mboni hupanuka na uso unaacha kukunjamana, kwa hiyo ulinzi ambao mwili ulijiwekea wenyewe unaondolewa, na mionzi inakuta mlango wazi.

Matokeo yake si ya leo wala kesho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hadi asilimia 10 ya upofu utokanao na mtoto wa jicho duniani huenda unasababishwa na mionzi hii. Kuna pia kinyama, ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambayo huwaandama wakulima, wavuvi na kila anayeshinda juani kwenye vumbi na upepo. Wazee wengi wanayo na wameizoea, kana kwamba ni mvi.

Muuzaji atajitetea kwa kibandiko. Kioo kimebandikwa karatasi ndogo imeandikwa UV400, maana yake kinazuia mionzi yote hadi nanomita 400. Maandishi hayo yakiwa ya kweli, mnunuzi hana haja ya kutafuta zaidi. Lakini karatasi inachapwa popote na gundi ni rahisi. Shirika la Viwango, TBS, lina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, na miwani ya elfu chache inayouzwa sokoni inastahili jicho lile lile linalotupiwa nondo na mafuta ya kula, maana anayeivaa hana njia ya kujua kilichomo.

Au tuseme njia anayo, ila hajaambiwa. Kwenye maduka mengi ya jumla, na kwa baadhi ya mawakala wa fedha, kuna taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Taa hiyo hutoa mionzi ya urujuanimno, na alama zilizofichwa ndani ya noti hung'aa zinapoipata. Mnunuzi aombe noti ya shilingi 10,000 imulikwe, azione alama zinavyowaka. Kisha aweke kioo cha miwani kati ya taa na noti. Alama zikizimika, kioo kimekula mionzi. Zikiendelea kuwaka kama vile hakuna kilichowekwa, miwani hiyo irudishwe kwenye ubao, hata ikiwa nyeusi kama usiku wa manane. Penye taa bila noti, shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga linatosha, kwa kuwa sabuni hizo zina dawa ya kung'arisha inayowaka vivyo hivyo. Taa isielekezwe machoni. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinaitenga miwani ya bure kabisa na ile yenye kinga, na kinachukua nusu dakika.

Anayefanya jaribio hilo dukani hukutana na jambo ambalo mwanzoni halikubaliki akilini. Miwani myeupe ya fundi, ile ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya wakata vyuma na mawe, huizima noti. Inatengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu ambayo kwa asili yake hunyonya karibu mionzi yote ya urujuanimno, na iliyo halisi huwa imepigwa chapa kwenye mguu wake: Z87 kwa kiwango cha Marekani au EN 166 kwa kile cha Ulaya. Haitulizi mng'ao. Lakini inakinga, haivunjiki vipande, imezunguka hadi pembeni, na kwa kawaida ni rahisi. Miwani hiyo ya kibarua inamlinda mwendesha baiskeli kuliko kioo cheusi cha harusini kisicho na kinga, na mtu mwenye hela ya miwani moja tu asione haya kuanza nayo.

Kuhusu kuzunguka hadi pembeni, kuna sababu inayofaa kuelezwa taratibu, kwa sababu watu hudhani ni mtindo wa wanamichezo. Daktari wa macho wa Australia, Minas Coroneo, alijiuliza kwa nini kinyama huanza karibu kila mara upande wa pua na si upande wa sikio. Alichokionyesha ni kwamba mwanga unaoingia kwa pembeni, kutoka upande wa sikio, hupindwa na ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, ukasafiri kupita ndani yake na kukusanywa mahali padogo upande wa pili, yaani puani, kama kioo cha lenzi kinavyokusanya jua hadi karatasi ikaungua. Miwani bapa, iliyo wazi pembeni, inaziba mbele na kuacha mlango huo wa ubavuni. Kwenye barabara ya wazi yenye mchanga mkavu, ambao hurudisha juu karibu asilimia 15 ya mionzi inayouangukia, mlango huo si mdogo.

Saa nazo zimeeleweka vibaya. Jua la utosini, lile lisilo na kivuli, ndilo linalochoma kichwa na mabega, lakini kwa jicho si baya kuliko yote: nyusi zinalikinga, kofia inalikinga, na mpanda baiskeli hatazami juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Kanazawa, Japani, walipopima mionzi kwenye macho ya sanamu ya kichwa cha mtu iliyolielekea jua, waliona kwamba katika majira ya jua kali macho hupata dozi kubwa zaidi wakati jua liko nusu ya njia, asubuhi na alasiri, kuliko adhuhuri yenyewe. Kwa Oktoba ya Nachingwea hiyo ni kama saa tatu asubuhi na kama saa tisa na nusu alasiri. Ndizo saa ambazo watu wako njiani. Anayeivaa miwani saa sita na kuivua saa tisa kwa kuwa "jua limepoa" amegeuza mambo.

Sasa rangi. Hapa macho ya watu yanatofautiana, na hakuna rangi moja iliyoandikiwa binadamu wote. Lakini barabara inayo neno lake, na barabara za huku zinasema wazi. Lami ipo kwenye njia kuu, lakini sehemu kubwa ya safari za baiskeli ni changarawe na udongo mwekundu, wenye makunyanzi ambayo madereva huyaita rasta, mikondo ya maji ya masika iliyokauka, na mabwawa ya mchanga laini ambayo gurudumu la mbele likiyaingia ghafla linageuka na kumwangusha mtu pamoja na gunia. Tofauti kati ya mchanga mgumu na mchanga laini, kwa macho, ni kivuli chembamba tu na rangi inayotofautiana kidogo mno. Kazi ya kioo ni kuitunza tofauti hiyo, na ikiwezekana kuikuza.

Kahawia inafanya hivyo, pamoja na ndugu zake, rangi ya shaba na ya kaharabu. Kioo cha kahawia hula sehemu kubwa ya mwanga wa bluu, ambao ndio unaotawanywa zaidi na hewa na kuifanya mandhari ya mbali ionekane imepakwa maziwa. Kikauacha mwekundu na wa njano upite. Udongo unajitokeza, mashimo yanapata kingo, jiwe linajitenga na njia. Mtu anayevaa kioo cha namna hiyo kwa mara ya kwanza kwenye barabara nyekundu mara nyingi husema kwamba njia "imeinuka".

Kijivu ni rangi ya haki: hupunguza mwanga wote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo kila kitu hubaki na rangi yake, kimefifia tu. Kwa anayeshinda kwenye lami, kati ya malori yenye taa za breki, ni chaguo zuri. Kwenye udongo hakimsaidii mtu kuona shimo, ila hakimzuii. Kijani kilichopauka kiko kati ya hizo mbili. Bluu ndiyo ya kuogopwa. Vile vioo vinavyowaka kama shingo ya tausi vimependwa sana na vijana wa pikipiki, na kama bluu hiyo ni ya kioo chenyewe, basi kinapitisha mwanga ule ule ambao kahawia inauondoa, na udongo mwekundu unageuka tope la kijivu. Ikiwa bluu ni ya utando wa juu tu unaorudisha taswira kama kioo cha kujitazamia, mnunuzi ageuze miwani, atazame kwa ndani: rangi inayoonekana kutoka ndani ndiyo rangi ya kweli.

Halafu kuna swali la kiasi cha giza, na hapa ndipo mikorosho inapoingia.

Watengenezaji hupanga vioo katika madaraja matano, 0 hadi 4. Daraja 0 hupitisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga unaoonekana. Daraja 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43, daraja 3 kati ya 8 na 18. Daraja 4, linalopitisha asilimia 3 hadi 8 tu, ni la wapanda milima ya theluji, na kanuni yenyewe husema lisitumiwe na mtu anayeendesha chombo barabarani. Namba huandikwa ndani ya mguu wa miwani, kama imeandikwa. Miwani "nyeusi tii" ya ubaoni mara nyingi haina namba yoyote.

Mwendesha baiskeli wa jangwani angechukua daraja 3 bila kujiuliza. Wa Nachingwea asifanye haraka. Njia za huku hazibaki juani. Zinapita uwazi wa shamba lililovunwa, zinazama chini ya mikorosho mikubwa ambayo matawi yake yamegusa ardhi pande zote mbili, zinatoka tena juani, zinaingia chini ya mwembe wa kijiji, zinatoka. Chini ya mkorosho mkubwa ni giza la nyumbani. Mtu anayeteremka kwa kilomita 20 kwa saa anakata mita tano na nusu kila sekunde. Macho yake yakihitaji sekunde mbili tu kuzoea kivuli, amekwenda mita 11 bila kuona sawasawa, na mzizi uliokatiza njia hauhitaji mita 11. Weusi wa kioo unaongezwa juu ya weusi wa kivuli. Kwa njia hizi kioo cha kahawia cha daraja 2, kile kilichokaribia daraja 3, kinamfaa mtu kuliko cheusi kabisa, hata kama saa sita atalazimika kukunja uso kidogo na kuishusha kofia. Kofia yenye ukingo mpana, kwanza, ni nusu ya kazi. Miwani na kofia vifanye kazi pamoja.

Kama miwani haina namba, kuna kipimo cha macho. Mwenzako aivae, simama hatua moja mbele yake kivulini. Ukiyaona macho yake kwa mbali, kama samaki ndani ya maji, inatosha. Usipoyaona kabisa, hiyo ni ya kukaa nayo barazani.

Vipo vioo vinavyojibadilisha, vyeupe ndani ya nyumba na vyeusi juani. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini vinachukua muda kurudi kuwa vyeupe, muda mrefu kuliko sekunde mbili za chini ya mkorosho, na kwenye joto kali haviwi vyeusi kama kwenye baridi. Vipo pia vinavyokata mng'ao unaorudi kutoka kwenye maji na lami iliyolowa. Kwa mvuvi ni neema. Kwa baiskeli wakati wa masika vinaweza kulificha lile bamba la lami linaloteleza, ambalo mng'ao wake ulikuwa ndio onyo.

Usiku, kioo chochote chenye giza kivuliwe. Hapo kuna biashara nyingine inayostahili kukemewa: miwani ya njano inayouzwa kwa madereva na bodaboda kuwa inasaidia kuona usiku. Njano ina nafasi yake, asubuhi ya ukungu au siku ya mawingu mazito, ambapo huchangamsha mandhari iliyofifia. Usiku ni jambo lingine. Watafiti wa Schepens, taasisi ya macho yenye uhusiano na Harvard, walichapisha mwaka 2019 jaribio la madereva waliovaa miwani ya njano wakimtafuta mtembea kwa miguu gizani, mbele ya mwanga wa gari lililoelekeana nao, na haikuwasaidia kumwona. Kila rangi hupunguza mwanga, na usiku hakuna mwanga wa ziada wa kupunguzwa. Saa kumi na mbili na robo jioni, jua la Oktoba likizama, kinachofaa ni ile miwani myeupe ya fundi, ambayo haikati mwanga ila inazuia vumbi la lori lililopita na wadudu wanaoifuata taa.

Mdudu si jambo dogo, wala chochote kinachorukia jicho. Mwaka 2022, tarehe 17 Mei, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya kumi ya Giro d'Italia mjini Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio kubwa tatu za baiskeli za Ulaya. Jukwaani akafungua chupa ya mvinyo wa ushindi, kizibo kikaruka, kikampiga jicho la kushoto. Akapelekwa hospitali, na kesho yake hakuanza mbio. Na kizibo ni laini kuliko kokoto inayorushwa na tairi la Fuso. Girmay alipona, mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Lakini alikuwa na madaktari wa timu wakimngoja chini ya jukwaa. Mbebaji wa korosho aliyepigwa kokoto jichoni katikati ya pori ana kilomita nyingi za kusukuma baiskeli kabla ya kumwona mtu yeyote mwenye kisanduku cha dawa.

Waliotazama mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, waliona waendeshaji karibu wote wamevaa kioo kimoja kipana kilichofunika kuanzia nyusi hadi mashavuni. Bei ya miwani kama hiyo, zile za majina makubwa, yaweza kununua Phoenix mpya na chenji ikabaki. Hakuna anayeidai Nachingwea. Umbo lake ndilo la kuigwa: upana, kuzunguka pembeni, nafasi ndogo mbele ya uso ili upepo upite na mvuke wa jasho usitie ukungu kwenye kioo, na plastiki ngumu badala ya kioo halisi, ambacho kikivunjika kinaingia kule kule kilikotumwa kulinda.

Kuna watu ambao kwao mjadala huu si wa kuchagua. Mwenye ualbino huzaliwa na macho yasiyo na rangi ya kutosha ya kujikinga, mwanga unamuumiza hata siku ya mawingu, na mara nyingi uoni wake ni hafifu. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya ngozi kwa ajili yao, na kazi hiyo imesifiwa kwa haki. Mtoto mwenye ualbino anayepakizwa kwenye keria kwenda shule asubuhi anahitaji pia miwani yenye kinga ya kweli, iliyopimwa na mtaalamu wa macho. Kwake kibandiko cha uongo ni dhuluma.

Pingamizi la wazee lipo na lina uzito wake. Kusalimiana huku umefunika macho ni utovu wa adabu. Kijana akikutana na mkubwa njiani hushuka kwenye baiskeli, akasema shikamoo, na macho yake yanapaswa kuonekana. Sahihi. Dawa yake ni kamba: uzi wowote uliofungwa kwenye miguu ya miwani na kupita nyuma ya shingo. Miwani inashuka kifuani, shikamoo inatolewa, marahaba inapokelewa, miwani inarudi machoni. Kamba hiyo hiyo inaizuia isidondoke kwenye rasta. Na mwenye miwani asiipanguse vumbi kwa shati, kwani vumbi la huku ni mchanga uliosagika na hukwaruza kioo hadi kikawa ukungu. Imwagiwe maji kwanza, kisha ipanguswe.

Limebaki la vyama. Kuanzia Mei hadi Agosti mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na unga ule wa njano ukipata jicho mtu hukaa usiku kucha akilowesha kitambaa. Salfa huletwa kwa mpango, kupitia Bodi ya Korosho na vyama vya msingi, kwa majina na kwa mifuko iliyohesabiwa. Lakini mpuliziaji mara nyingi hujifunga kanga au shati usoni, bila miwani. AMCOS moja ikiagiza kwa jumla boksi la miwani ya fundi kwa wapuliziaji, na boksi la pili la kahawia zenye kinga kwa wanaobeba magunia, gharama yake ikikatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya mnada, wanachama wataipata kwa bei ambayo mtu mmoja mmoja sokoni haipati. Bora zaidi miwani ya salfa iwe ile inayobana uso pande zote, kwa sababu unga hupenya hata pembeni mwa ile ya baiskeli. Boksi likifika, mhasibu alitoe kwenye kifungashio mbele ya wajumbe, achukue taa ya kukagulia noti iliyoko mezani pake, na kuimulika jozi moja baada ya nyingine kabla ya kusaini kupokea mzigo.